Muulize Bi. Rehema: Nguvu Ile Hutoka Wapi?

Toleo lililopita niliomba maswali kuhusu vichangamshi, yaani dawa zinazouharakisha ubongo na mwili. Ziko zilizozoeleka, kafeini na nikotini. Ziko kokeini, amfetamini na methamfetamini. Na ziko za kuandikiwa na daktari, kama methilfenideti, ya kutibu tatizo la umakini na kutotulia. Barua zimekuja nyingi kuliko ukurasa huu unavyoweza kubeba. Waliokuwa hatarini nimeshawajibu faraghani; wengine mtaniwia radhi, nimechagua chache.

Nimekuwa muuguzi wa kitengo cha dharura kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na kuna imani moja ninayoikuta kwa wagonjwa na nimeikuta tena kwenye barua zenu. Wengi mnaamini nguvu imo ndani ya kidonge au unga, na ukitumia inahamia kwako. Haimo. Kila unachokihisi kimetoka kwenye akiba ya mwili wako mwenyewe. Dawa imekulazimisha tu kuitoa yote kwa mkupuo. Mkilishika hilo, majibu yaliyobaki yatawaingia kwa urahisi.

*Shikamoo Bi. Rehema. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili. Wenzangu wanatumia vidonge vya methilfenideti wakati wa mitihani, wanavipata kwa mwenzetu aliyeandikiwa na daktari. Nilijaribu kimoja. Nilisoma usiku kucha bila kusinzia na nikajiona naelewa kila kitu. Matokeo yalipotoka nilikuwa chini ya kawaida yangu. Je, nilikosea kipimo? Na hasa ubongo unafanywa nini? – Msomaji wa Usiku*

Marahaba mwanangu. Kipimo si tatizo. Tatizo ni kwamba kile ulichokihisi na kile kilichotokea ni vitu viwili tofauti.

Seli za neva kwenye ubongo hazigusani. Kati ya seli na seli kuna upenyo mwembamba mno, na ujumbe huuvuka kwa njia ya kemikali. Mojawapo ni dopamini. Seli ya kwanza huimwaga, nayo hugusa vipokezi vya seli ya pili, ujumbe ukafika. Papo hapo vibebeo vilivyoko kwenye ukuta wa seli ya kwanza huizoa na kuirudisha ndani ili itumike tena. Dopamini ndiyo inayouambia ubongo kwamba jambo hili ni la maana, lifuate, lirudie. Ndugu yake, noradrenalini, kazi yake ni kuamsha: macho hukodoka, moyo huongeza mwendo, usingizi hukatika.

Methilfenideti na kokeini huviziba vile vibebeo, kwa hiyo dopamini iliyokwisha kumwagwa hubaki pale kwenye upenyo ikiendelea kugusa vipokezi. Amfetamini na methamfetamini hufanya makubwa zaidi. Huingia ndani ya seli yenyewe, huifukuza dopamini kutoka kwenye vifuko inamohifadhiwa, kisha huvigeuza vibebeo vifanye kazi kinyumenyume, viitoe nje badala ya kuirudisha ndani. Kwa panya wa maabara, chakula kizuri hupandisha dopamini kwa takriban nusu ya kiwango chake cha kawaida. Amfetamini huweza kuipandisha hadi mara kumi.

Sasa urudi kwenye usiku wako. Dopamini ikizidi, kila ukurasa unaonekana una uzito, kila mstari unaupigia alama. Hiyo ni hisia ya kuelewa, na hisia hiyo huweza kuwepo bila kuelewa kwenyewe. Mwaka 2023 jarida la Science Advances lilichapisha jaribio lililofanywa Australia kwa watu 40 wenye afya njema. Kwa nyakati tofauti walipewa methilfenideti, deksamfetamini (aina ya amfetamini), modafinili (dawa ya kuzuia usingizi) au kidonge kisicho na dawa yoyote, kisha wakapewa mafumbo magumu: kuna vitu vingi, kila kimoja kina uzito na thamani yake, chagua vya kutia kwenye mkoba ili thamani iwe kubwa na uzito usizidi. Waliokuwa na dawa mwilini walihangaika zaidi, walitumia muda mrefu zaidi, walihamisha vitu huku na huku mara nyingi zaidi, na kazi yao ikapungua ubora. Na waliokuwa hodari walipotumia kidonge kitupu ndio walioelekea kushuka chini ya wastani walipotumia dawa. Nadhani umejiona humo.

Kisha kuna usingizi ulioukosa. Uliyoyasoma mchana hupangwa na kukazwa kwenye kumbukumbu ukiwa umelala. Ukiukata usingizi, umeikata hatua hiyo. Na yule mwenzenu anayegawa vidonge vyake anabaki bila dawa anayoihitaji kweli, huku akiwapa watu ambao hakuna aliyewapima shinikizo la damu wala kuwauliza kama kwao kuna ugonjwa wa moyo. Mwambie aache, na wewe uache kumwomba.

*Habari za kazi, Bi. Rehema. Mimi ni dereva wa lori, safari zangu nyingi ni za usiku. Nakunywa makopo manne ya kinywaji cha kuongeza nguvu kwa usiku mmoja, pamoja na kahawa. Siku hizi naona hayanishiki tena, na mwenzangu ananishawishi nijaribu vidonge vya amfetamini. Kuna tofauti gani, si vyote ni vya kukesha? – Dereva*

Tofauti ni kubwa, kaka yangu, na nashukuru umeuliza kabla ya kumeza.

Tangu unapoamka, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini. Inavyozidi kujaa ndivyo unavyozidi kusikia usingizi. Kafeini huenda kukaa kwenye vipokezi vya adenosini ili adenosini isipate pa kushika. Angalia vizuri: adenosini haijaondoka, iko palepale inasubiri. Kafeini ikipungua, uchovu wote hukushukia kwa pamoja. Na ukinywa kila siku, ubongo huongeza vipokezi, ndiyo maana makopo manne hayakushiki tena.

Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina miligramu kama 80 za kafeini, na kikombe cha kahawa kinakaribia hapo au kuzidi. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango kinachokubaliwa na mamlaka za Ulaya na Marekani ni hadi miligramu 400 kwa siku. Kwa mjamzito, ushauri wa wengi ni asizidi 200. Wewe, kwa makopo manne na kahawa juu yake, umeshafika ukomo au umeuvuka. Nusu ya kafeini huchukua takriban saa tano kutoka mwilini, kwa hiyo kopo la saa kumi alfajiri bado limo damuni unapojilaza asubuhi, linakuharibia usingizi ambao ndio dawa yenyewe.

Amfetamini haiishii kuzuia dalili ya uchovu. Inakusukuma juu kwa kuitoa dopamini na noradrenalini yako, na inapokwisha kazi yake unadondoka. Dereva hulala macho wazi, sekunde tatu nne, asijue kwamba amelala. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde nne ni karibu mita 90 ambazo lori limekwenda lenyewe. Nimewapokea abiria wa magari ya namna hiyo, na nisingependa kuwapokea wa kwako. Egesha mahali salama, kunywa kahawa kikombe kimoja, ulale dakika 20 hapohapo kwenye kiti. Kahawa huanza kushika karibu na muda unapoamka. Usiku ambao hilo halitoshi, gari lilale.

*Habari yako Bi. Rehema. Nina miaka 27, sivuti sigara, nacheza mpira kila wiki. Natumia kokeini wikendi tu, na kila mara nikiwa nakunywa pombe, kwa sababu vikichanganyika raha inadumu zaidi. Juzi kifua kilinibana kama dakika ishirini, mkono wa kushoto ukawa mzito, halafu ikaisha. Naamini mimi bado kijana kwa ugonjwa wa moyo. Nipuuze? – Wikendi Tu*

Usipuuze. Ukimaliza kusoma jibu hili, nenda hospitali leo, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, na kokeini uitaje.

Nitakuambia ninachokiona kazini. Kijana anaingia kwa miguu yake mwenyewe. Shati limelowa jasho, mboni za macho zimetanuka hadi rangi ya jicho imebaki ukingoni, taya inasaga. Mkono uko kifuani. Ananiambia ni gesi. Tunamlaza, tunambandika waya, karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo inaanza kutoka, na kabla haijafika nusu daktari ameshaita watu wengine wawili. Umri wake huwa kama wako. Nao ni wanamichezo, wengi wao.

Kokeini huizuia noradrenalini isirudi kwenye seli, basi moyo hupiga mbio na shinikizo la damu hupanda. Moyo unaofanya kazi hivyo unadai damu zaidi kwa ajili yake wenyewe. Saa hiyohiyo kokeini huibana mishipa inayoulisha moyo, na kuifanya damu igande kwa urahisi. Yaani mahitaji yamepanda na njia imefinywa. Hapo umri haukulindi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, ambao wahusika wake ni watu waliokwisha kupata shambulio la moyo, ulikuta kwamba katika dakika 60 za kwanza baada ya kutumia kokeini hatari ya shambulio hupanda mara 24, kisha hushuka haraka.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1884 daktari kijana wa Vienna, Karl Koller, aligundua kwamba kokeini ikidondoshwa kwenye jicho hulitia ganzi, na upasuaji wa macho ukabadilika tangu hapo. Ganzi hiyo hutokea kwa sababu kokeini huziba njia ambazo chembe za sodiamu hupitia, na bila njia hizo neva haiwezi kupitisha umeme. Moyo nao hupiga kwa umeme wa aina hiyo. Kokeini ikiwa nyingi damuni, mapigo huvurugika, na mtu huweza kuanguka na kufa hata kama mishipa yake ni misafi.

Na ile raha inayodumu ukichanganya na pombe ina jina: kokaethilini. Ini lako likikuta pombe na kokeini kwa pamoja, linaitengeneza kemikali hiyo mpya, nayo hukaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini yenyewe na inauumiza moyo. Unachokiita raha kuzidi ni moyo wako kuendelea kubanwa wakati wewe umeshatulizwa na pombe usisikie.

Tukikuuliza kama umetumia, tunataka kukutibu sawasawa. Dawa nyingi za kupunguza mapigo ya moyo, ambazo mgonjwa mwingine wa kifua tungempa, kwa mtu mwenye kokeini mwilini zinaweza kuzidisha kule kubana kwa mishipa. Tunaanza na dawa za kutuliza, za jamii ya diazepamu. Ukificha, tunatibu ugonjwa usio wako.

Neno moja la mwisho kuhusu unga wenyewe: hujui kilichomo. Kokeini nyingi imekutwa na levamisoli, dawa ya minyoo ya wanyama inayoweza kuangamiza chembe nyeupe za damu. Kuna nchi ambako imekutwa na fentanili, dawa ya maumivu yenye nguvu kiasi kwamba chembe chache tu huweza kusimamisha pumzi.

*Bi. Rehema, nauza vidonge vya mitishamba vya kupunguza mwili. Wateja wanasema hawasikii njaa kabisa na moyo unawaenda mbio. Kwenye chupa pameandikwa "asilia". Kuna shida? – Mfanyabiashara*

Ipo. Acha kuviuza mpaka vipimwe. Mtu asiyesikia njaa kabisa na moyo unamwenda mbio ana kichangamshi mwilini, kiwe kimeandikwa kwenye chupa au la. Sibutramini, dawa ya kupunguza mwili, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mashambulio ya moyo na kiharusi, na tangu hapo imekutwa mara nyingi ndani ya vidonge vinavyodaiwa kuwa vya mimea. Efedra ni mmea kweli, ni asilia kweli, na Marekani iliipiga marufuku kwenye virutubisho mwaka 2004 baada ya vifo.

*Shikamoo mama. Mimi ni mwendesha baiskeli wa mashindano. Kuna mtu kwenye timu anagawa vidonge kabla ya mbio ndefu, anasema ni amfetamini kidogo tu ya kuondoa uchovu. Kocha hajui. Waliotumia wanasema miguu haichoki. Hatari yake ni ipi kwa mtu mwenye mazoezi kama mimi? – Magurudumu*

Marahaba. Mazoezi hayakukingi; hatari inaweza hata kuzidi, kwa sababu una uwezo wa kujisukuma mbali zaidi.

Tarehe 13 Julai 1967, kwenye mashindano ya Tour de France, mwendeshaji wa Uingereza Tom Simpson alikuwa akipanda mlima Ventoux kwenye jua kali. Alianza kuyumba barabarani, akaanguka, akapandishwa tena kwenye baiskeli, akaenda kidogo, akaanguka tena. Alikuwa na miaka 29. Uchunguzi ulikuta amfetamini na pombe mwilini mwake. Joto, juhudi na dawa vilimuua kwa pamoja.

Uchovu una kazi. Misuli inapofanya kazi hutoa joto, na mwili hulitoa kwa kupeleka damu kwenye ngozi na kutokwa jasho. Joto likizidi, ubongo hukuchosha ili upunguze mwendo. Amfetamini huuondoa mwito huo wa kupunguza, na wakati huohuo hubana mishipa ya ngozi ili joto lisipate pa kutokea. Miguu haichoki, kweli. Joto la ndani linapita nyuzi 40, linaelekea 41, 42. Misuli huanza kuvunjika, mabaki yake huziba figo, damu hupoteza uwezo wa kuganda inavyopaswa. Mkojo hutoka rangi ya chai nzito. Aliyefika hapo anaweza kufa akiwa mikononi mwetu na dripu mbili zikitiririka.

Ukimkuta mwenzako amekuwa wa moto sana, anaweweseka, anapigana na watu au amepatwa na degedege, usimpe chochote mdomoni. Piga simu ya dharura. Mtoe juani, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima huku mkimpepea. Barafu ikiwepo iwekwe kwapani, kwenye kinena na shingoni. Msimfunge kamba wala kumkalia, maana akishindana nayo misuli inazidi kutoa joto. Parasetamoli haifai hapa. Yenyewe hushusha homa ya ugonjwa, na hii si homa. Kocha aambiwe leo. Usipoweza kusema mwenyewe, mwandikie bila jina.

*Bi. Rehema, mwanangu ana miaka 9. Daktari amesema ana tatizo la umakini na kutotulia, ameandika methilfenideti. Nikisoma naona ni dawa ya kundi moja na kokeini. Je, sitakuwa nimemfungulia mtoto mlango wa uraibu? Baba yake amekataa kabisa. – Mama Mwenye Wasiwasi*

Hofu yenu wote wawili ina msingi, na mlipouliza mmefanya vyema. Ila hapa kinachoamua ni kasi na kiasi.

Dawa inayovutwa kwa moshi hufika ubongoni ndani ya sekunde chache. Dopamini inaruka ghafla, na ni ule mruko wa ghafla unaoufundisha ubongo kutamani. Kidonge cha methilfenideti kilichomezwa kwa kipimo cha daktari hupanda polepole kwa muda wa saa moja hadi mbili, kisha hushuka polepole. Kwa watoto wenye tatizo hili, dopamini na noradrenalini zinazoongezeka kidogo kwenye sehemu ya mbele ya ubongo huwasaidia kushika jambo moja na kuzuia mwili usiropoke na kurukaruka. Kwamba vichangamshi huweza kuwasaidia watoto imejulikana tangu mwaka 1937, pale daktari Charles Bradley wa Rhode Island, Marekani, alipowapa amfetamini watoto wa kituo chake na kushangaa kuona masomo yao yamebadilika. Tafiti zilizowafuatilia watoto waliotibiwa hadi utu uzima, zikijumlishwa pamoja, hazikuonyesha kwamba dawa iliwaongezea uraibu wa mihadarati.

Madhara yapo na uyategemee: hamu ya kula hupungua, usingizi huchelewa, urefu huweza kupungua kidogo, mapigo na shinikizo la damu hupanda kiasi. Mpe asubuhi, pamoja na kifungua kinywa kabla haijaanza kukata njaa. Daktari ampime uzito, urefu, mapigo na shinikizo kila mnaporudi, na asipofanya hivyo, mkumbushe. Kama kwenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana kwa moyo, mweleze daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Na dawa ikae kabatini, kwenye kufuli, utoe wewe. Barua ya kwanza ya leo umeisoma, umeona inakofikia isipolindwa.

Mwende wote wawili na baba yake kwa daktari. Akiuliza mwenyewe na kujibiwa, atakuwa na amani kuliko akisikia kupitia kwako.

*Shikamoo mama. Kaka yangu ana miaka 31, ni fundi umeme. Amevuta methamfetamini karibu miaka mitatu. Alikuwa anakaa siku tatu nne bila kulala, anasema kuna wadudu chini ya ngozi, mikono yake yote ni vidonda. Aliamini majirani wamemtegea kamera. Mwezi uliopita aliacha. Alilala mfululizo, akala sana, sasa anakaa tu kitandani, hacheki, hataki chochote. Mama anasema ubongo wake umeshakufa. Ni kweli? – Dada Yake*

Marahaba binti yangu. Si kweli, na ningependa mama aambiwe hivyo kabla jua halijazama.

Methamfetamini ni kali kwa sababu haiondoki. Nusu ya kokeini hutoka mwilini kwa saa moja hivi. Nusu ya methamfetamini huchukua karibu saa 12. Muda wote huo inazidi kuikamua dopamini, na dopamini ikizagaa nje ya vifuko vyake huwa sumu kwa ncha za seli zilizoitoa. Ubongo nao hujihami kwa kupunguza vipokezi. Kaka yako alipoacha, akiba ilikuwa imekauka na vipokezi vimepungua. Chakula, utani, mpira, mwanamke, hakuna kinachogusa. Mnayemwona kitandani hajawa mvivu wala hajawakasirikia. Sehemu ya ubongo inayompa mtu sababu ya kuinuka haina cha kufanyia kazi kwa sasa.

Kuhusu wadudu, usidhani alikuwa anadanganya. Mgonjwa mmoja aliwahi kunikabidhi karatasi iliyokunjwa vizuri, ndani yake mna magamba ya ngozi yake mwenyewe, akaniomba kwa heshima nyingi nipeleke maabara. Alikuwa anawasikia kweli wakitembea. Dopamini iliyopita kiasi, ikijumlishwa na siku za kutolala, huufanya ubongo utoe maana pasipo na kitu: mwasho unakuwa mdudu, taa ya jirani inakuwa kamera. Kwa wengi hali hiyo huisha siku au wiki chache baada ya kuacha. Kwa wachache hubaki, nao wanahitaji matibabu ya afya ya akili. Ikirudi, usimbishie na usimkubalie. Mwambie, "Mimi siwaoni, ila naona unateseka," kisha uwe naye.

Mwaka 2001 mtafiti Nora Volkow na wenzake Marekani walichapisha picha za ubongo za watu 5 waliokuwa wametumia methamfetamini, wakapigwa tena baada ya kukaa bila dawa mwaka mmoja au zaidi. Vile vibebeo vya dopamini nilivyovieleza mwanzoni vilikuwa vimeanza kurudi kwa kiasi kinachoonekana. Watu ni wachache, lakini picha hizo zinatia moyo. Kwa hiyo hesabuni kwa miezi. Wiki nne ni mapema mno kumhukumu.

Hatari ya sasa ni mbili. Ya kwanza ni kujiua. Kipindi hiki cha kudondoka ndicho mawazo hayo huja. Muulize wazi: "Unafikiria kufa?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake na mwende hospitali siku hiyohiyo. Ya pili ni kurudia. Ubongo umezishika kumbukumbu za mahali, watu na saa alipokuwa akivuta; akipita hapo, kiu huamka kabla hajajua. Badilisheni njia anazopita, na namba za simu za wale jamaa zifutwe naye mwenyewe akiwa ameshika simu.

Matibabu yapo. Hakuna kidonge kimoja kilichothibitishwa kuponya uraibu huu. Mwaka 2021 jaribio la dawa mbili kwa pamoja, naltreksoni na bupropioni, lilionyesha nafuu kwa takriban watu 14 kati ya 100, dhidi ya wasiofika 3 kwa waliopewa dawa bandia isiyo na kitu ndani. Ni kidogo, ila si bure, na daktari anaweza kulizungumzia. Kinachofanya kazi zaidi hadi leo ni programu za kumzawadia mtu kila kipimo cha mkojo kinapotoka safi, zawadi ndogo, papo hapo, pamoja na ushauri nasaha wa mara kwa mara. Watu huidharau njia hii. Mimi naipenda, kwa sababu inampa ubongo ulioishiwa kitu cha kutazamia wiki hii hii. Mnaweza kuanza nyumbani wakati mnatafuta kituo.

Mpeleke pia kwa daktari wa meno. Dawa hii hukausha mate na kumfanya mtu asage meno, na maumivu ya jino usiku ni sababu tosha ya kurudia. Vidonda vya mikono vioshwe kwa maji na sabuni na vifunikwe.

Kazi ya umeme asiirudie bado. Kwenye utafiti ule wa 2001, vibebeo vilianza kurudi, lakini wepesi wa viungo na kumbukumbu havikuwa vimerudi kwa kiwango hicho. Fundi mwenzake ampatie kazi ya kusaidia, kubeba vifaa, kupima na kuandika, na daktari amchunguze umakini wake kabla hajashika waya wenye umeme.